Bwawa la Kuogelea na Kisima cha Jirani



Yako matangazo ambayo siku hizi huwafikia hata wale wasioweza kuyaitikia. Mojawapo ni hili la jumba la mapumziko katika kisiwa cha Ugiriki. Jumba ni jeupe, limejengwa juu ya kilima. Lina vyumba vitano vya kulala, baraza inayotazama bahari, mpishi na wahudumu wa usafi. Mbele yake kuna bwawa la kuogelea, na ukingo wa bwawa hilo umejengwa kwa ustadi hata maji yake yaonekana kuungana na bahari iliyo chini. Ndani ya maji watoto wanacheka. Kivulini wameketi baba na mama. Maneno ya tangazo yasema kwamba hapa ndipo familia itakapopata pumziko inalostahili.

Huenda msomaji akauliza: Tume ya Haki na Amani ina shughuli gani na nyumba za matajiri walio mbali nasi hivyo? Zipo sababu. Picha ya namna hiyo imekuwa kwa watu wengi, na hasa kwa vijana wa parokia zetu, kipimo cha maisha yaliyofanikiwa. Na kila kipimo cha maisha ya binadamu kinaihusu Injili. Tena, majumba ya aina ileile yanazidi kujengwa katika pwani yetu wenyewe, na yale yaliyokwisha kuwapata Wagiriki yaweza kutupata sisi. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Nasi twaongeza swali moja: maji hayo yatatoka wapi?

Amri yenye orodha ndefu

Kwanza tuondoe shaka. Kanisa halilaani pumziko, wala halimwonei kijicho mtu aliyefanya kazi kwa haki akaweza kuwapeleka wanawe baharini. Bwana wetu aliwaita mitume wake waliochoka waende kando, mahali pasipo na watu, wakapumzike (Mk 6:31). Papa Leo XIII, katika waraka wake Rerum Novarum wa mwaka 1891, alidai wafanyakazi wapewe pumziko. Naye Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliitaja likizo ya mwaka miongoni mwa haki za mfanyakazi. Familia inayopata siku kumi za kula pamoja, kuzungumza na kucheza bila haraka, imepata neema. Laiti kila familia ingeipata.

Lakini amri ya pumziko ina orodha, na orodha hiyo ni ndefu kuliko tunavyoikumbuka. Tukifungua Kumbukumbu la Sheria (5:12-15) twaona kwamba anatajwa mwenye nyumba, kisha mwanawe na binti yake. Hapo ndipo tangazo letu linapokoma. Neno la Mungu linaendelea: wanatajwa mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na hatimaye mgeni aliye ndani ya malango. Sababu nayo inatolewa: Waisraeli waliwahi kuwa watumwa kule Misri, wakaonja maisha ya mtu asiyepumzika, na kwa hiyo hawana ruhusa ya kumnyima mwingine kile walichokililia wao.

Basi, mbele ya jumba lolote la mapumziko, liwe la Ugiriki au la kwetu, Mkristo anayo maswali yaliyokwisha kuandikwa tayari. Je, nchi inayolibeba jumba hili inapumzika? Je, anayelitumikia anapumzika? Na mgeni anayesimama langoni, anapokewa namna gani?

Visiwa vya Maandiko

Visiwa hivyo si vigeni kwetu sisi tunaosoma Biblia. Mtume Paulo, akielekea Yerusalemu mwisho wa safari yake ya tatu, alipita Mitilene katika kisiwa cha Lesbos, akapita Chios, Samos, Kos na Rhodes (Mdo 20:14-15, 21:1). Tito aliachwa Krete kuliweka sawa Kanisa la huko. Yohane alipata maono yake katika kisiwa cha Patmo, alikokuwa kwa ajili ya ushuhuda wa Yesu. Na katika visiwa vya Syros na Tinos ziko hadi leo parokia za Wakatoliki, ambazo mizizi yake inafika nyakati za utawala wa Venisi.

Kwa karne nyingi vilikuwa visiwa vya watu maskini: wavuvi, mabaharia, wachungaji wa mbuzi, na wakulima waliokata matuta kwenye miteremko na kuyategemeza kwa kuta za mawe yasiyotiwa saruji. Ustadi wa kujenga kuta hizo uliingizwa na UNESCO mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mvua ya huko hunyesha majira ya baridi. Tangu Juni hadi Agosti yaweza isianguke hata tone. Kwa hiyo paa bapa la nyumba lilikuwa chombo cha kukingia mvua, na maji yalishuka hadi katika birika lililochimbwa chini ya nyumba. Kila familia ilijua ina maji kiasi gani, na mama aliyechota alijua amebakiza nini. Vijana wengi walihama kutafuta riziki Athens, Marekani na Australia. Wagiriki walifika hata Tanganyika ya zamani, na wazee wa Tanga, Moshi na Arusha wanawakumbuka katika mashamba ya mkonge na kahawa.

Haki yatudai tuseme pia kwamba utalii ulileta nafuu ya kweli. Baada ya nchi hiyo kuingia katika msiba wa madeni mwaka 2010, mishahara na pensheni zilipokatwa, wageni ndio waliozipa familia nyingi za visiwani chakula. Mjane aliyepangisha vyumba viwili vya juu aliweza kusomesha wanawe. Mwaka 2023 Ugiriki, nchi yenye watu kama milioni 10, ilipokea wageni zaidi ya milioni 32. Hatuwezi kuwaambia watu wa visiwani kwamba ingekuwa heri wabaki katika umaskini ili sisi tufurahie picha za mashua za zamani.

Hata hivyo, vyumba viwili vya mjane si sawa na jumba la kifahari lenye bwawa. Sheria ya Ugiriki kwa miaka mingi imeruhusu kujenga nje ya mipaka ya vijiji, mradi kiwanja kiwe na meta za mraba zisizopungua 4,000. Kwa njia hiyo kilima kilichokuwa na mashayiri au mizabibu hugawanywa, kuta za matuta hubomolewa, barabara ya magari hukatwa, na kila kiwanja hupata jumba lake na bwawa lake. Huko Mykonos fedha iliyomo katika ujenzi imefika mahali pa kutisha. Mwezi Machi 2023 mtaalamu wa mambo ya kale wa serikali, aliyeshughulikia vibali vya ujenzi katika kisiwa hicho, alivamiwa usiku huko Athens na kupigwa vibaya. Wenzake wakagoma kazi wakidai walindwe. Mahali ambapo mtu hupigwa kwa sababu ya kibali cha nyumba ya kupumzikia, neno pumziko limekwisha kupotewa na maana yake.

Nchi nayo ipumzike

Tulitazame bwawa lenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi. Bwawa lenye urefu wa meta 10, upana wa meta 4 na kina cha meta moja na nusu huchukua lita 60,000 za maji. Hizo ni ndoo 3,000 za lita ishirini, zile ambazo mama zetu na binti zetu hubeba kichwani. Wala bwawa halijazwi mara moja tu. Jua la kiangazi na upepo mkavu wa kaskazini, ambao Wagiriki huuita meltemi, huyainua maji hewani. Yakipungua milimita saba tu kwa siku, zimeondoka lita 280, yaani ndoo 14, kabla mtoto yeyote hajaingia kuogelea. Hayo yote hutukia katika miezi ileile ambayo mvua hainyeshi na kisiwa kimejaa watu kuliko wakati wowote. Kisiwa cha Santorini kina wakazi wapatao 15,000, na kwa mwaka hufikiwa na wageni zaidi ya milioni 3.

Kiangazi cha mwaka 2024 ndicho kilichokuwa cha joto kuliko vyote vilivyopata kupimwa Ugiriki, nacho kilikuja baada ya majira ya baridi yenye mvua haba. Visiwa vya Leros na Sifnos, pamoja na vingine, vilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukosefu wa maji. Naxos, kisiwa kinachosifika kwa viazi vyake, kilishuhudia lambo lake kuu likikauka. Wakulima walipozidi kuvuta maji ya visima, maji ya bahari yalijipenyeza chini ya ardhi, na shamba likanyweshwa chumvi. Mavuno ya viazi yakaanguka. Kisiwani ikaletwa mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, ili nyumba, hoteli na mabwawa visikaukiwe.

Hapa ndipo panapotupasa kutafakari. Mwenye jumba akikosa maji hununua: meli au lori huleta, au mtambo hutengeneza. Mkulima hana uwezo wa kuununulia maji mmea wa kiazi. Mtambo nao una gharama zake: unakula umeme mwingi, ambao katika visiwa visivyounganishwa na bara hutokana na kuchoma mafuta, na maji ya chumvi kali yanayobaki hurudishwa baharini. Upo pia mpango, uliotangazwa na serikali mwaka 2024, wa kuziruhusu hoteli za pwani kujaza mabwawa yao kwa maji ya bahari. Huenda ukasaidia. Lakini nani asiyeona ajabu yake? Mtu amejenga bwawa hatua mia mbili kutoka bahari nzuri kuliko nyingi duniani, na sasa watafutwa wataalamu wa kuipandisha bahari hiyo mlimani imfikie.

Tunaikumbuka habari ya Nabothi (1 Fal 21). Mfalme Ahabu alikuwa na ikulu, akatamani na shamba la mizabibu la jirani yake liwe bustani ya mboga. Nabothi alikataa kutoa urithi wa baba zake, akashitakiwa kwa uongo na kupigwa mawe hata akafa. Katika siku zetu mambo hufanyika kwa upole zaidi. Kuna wakili, kuna hati, kuna bei iliyokubaliwa, na aghalabu hakuna aliyevunja sheria. Lakini kisima cha jirani hukauka vilevile, pasipo mtu kurusha hata jiwe moja.

Mtumishi apumzike kama wewe

Orodha ya amri yamtaja mtumwa na mjakazi, na kueleza kwamba wapumzike sawasawa na bwana wao. Ni nani anayetandika vitanda vya jumba letu? Ni watu wa kisiwa, na pamoja nao wahamiaji kutoka Albania, Asia na kwingineko, wanaofanya kazi tangu mwezi wa Aprili au Mei hadi Oktoba, kisha msimu hufungwa. Mwezi Aprili 2025 mshahara wa chini wa Ugiriki ulipangwa kuwa euro 880 kwa mwezi kabla ya makato. Yapo majumba ya Mykonos ambayo kodi yake ya wiki moja tu ya mwezi Agosti inapita mshahara huo wa mwaka mzima.

Lililo zito zaidi ni mahali pa kulala. Mwenye nyumba akiona kwamba mtalii hulipa kwa siku mbili kile ambacho mwalimu hulipa kwa mwezi, humwomba mwalimu atoke kabla ya kiangazi. Ndiyo maana kwa miaka kadhaa sasa walimu na madaktari wanaopangiwa kazi katika visiwa kama Santorini na Mykonos wamekuwa wakikosa nyumba, na wengine wakikataa kwenda. Wafanyakazi wa hoteli hubanana wengi katika chumba kimoja. Tazameni kinyume hiki: kisiwa chenye maelfu ya vitanda, na mwalimu wa watoto wa kisiwa hana pa kulaza kichwa chake. Mzazi anayefungua jumba lake kwa ajili ya familia za wengine aweza kujikuta hana wa kumfundisha mwanawe kusoma.

Serikali ya Ugiriki haikukaa kimya kabisa. Tangu Januari 2025 ilisimamisha vibali vipya vya kupangisha nyumba kwa siku chache katika sehemu za katikati ya Athens, na mwaka huohuo iliongeza kodi anayotozwa mgeni kwa kila siku ya msimu, na kuweka ada ya euro 20 kwa abiria wa meli za kitalii wanaoshuka Santorini na Mykonos wakati wa msimu mkuu. Kodi ni jambo jema ikiwa itamrudia mwalimu kwa umbo la nyumba na kumrudia mkulima kwa umbo la maji. Ikiwa itaishia mjini, itakuwa ni bei nyingine tu iliyoongezwa juu ya starehe.

Mgeni aliye langoni

Wagiriki wanalo neno moja zuri, filoxenia, maana yake upendo kwa mgeni. Si neno la wafanyabiashara. Ndilo neno lililomo katika Kigiriki cha Waraka kwa Waebrania (13:2), pale tunapokumbushwa tusisahau kuwakaribisha wageni, kwa kuwa kwa kufanya hivyo wengine waliwapokea malaika pasipo kujua. Leo neno hilohilo limeandikwa juu ya milango ya majumba ya kukodisha, karibu na bei.

Tangu mwaka 2013 Ugiriki ilianza kumpa kibali cha kuishi mtu wa nje ya Umoja wa Ulaya aliyenunua nyumba ya euro 250,000. Kwa kuwa bei za nyumba zilizidi kupanda na wananchi kulalamika, kiwango hicho kilipandishwa, na tangu Septemba 2024 ni euro 800,000 katika Athens na mkoa wake, Thessaloniki, Mykonos, Santorini na visiwa vyote vyenye wakazi zaidi ya 3,100. Watu wameiita viza ya dhahabu. Mlango huo basi upo, na ufunguo wake ni nyumba.

Ufuo wa visiwa hivyohivyo unao mlango mwingine. Mwaka 2015 watu zaidi ya 850,000 walifika Ugiriki kwa njia ya bahari, wengi wao Wasiria, Waafghani na Wairaki waliokimbia vita. Tarehe 2 Septemba mwaka huo mtoto Alan Kurdi alikufa maji pamoja na mama yake na kaka yake, mashua yao ikielekea Kos. Familia ile nayo ilikuwa na baba, mama na watoto wawili, nayo ilitafuta pumziko katika kisiwa cha Ugiriki. Huko Lesbos, kambi ya Moria iliyojengwa kwa watu wasiozidi 3,100 ilikuwa na zaidi ya 12,000 ilipoteketea kwa moto Septemba 2020. Miongoni mwao walikuwapo Wasomali na Wakongo, ndugu zetu wa Afrika. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliitembelea Lesbos Aprili 2016, akarudi Roma na Wasiria kumi na wawili katika ndege yake. Akaenda tena Desemba 2021.

Tusiwahukumu Wagiriki kwa ujumla. Wavuvi wa Lesbos waliacha nyavu zao wakawaopoa watu majini. Mabibi wazee waliwanywesha maziwa watoto wasiowajua. Hiyo ndiyo filoxenia yenyewe, nayo haikuwa na bei. Nao wazee hao walikuwa na kumbukumbu, kwa sababu wengi ni watoto na wajukuu wa waliokimbia kutoka Asia Ndogo mwaka 1922. Tena wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, njaa na uvamizi viliwafukuza watu wa Chios, Samos na visiwa vingine. Walivuka hadi Uturuki, wakapelekwa katika kambi za Mashariki ya Kati, na wengine wakafikishwa hata Kongo ya Wabelgiji. Afrika iliwahi kuwapa Wagiriki mahali pa kulala. Aliyewahi kuwa mgeni Misri anaijua sababu ya ile amri.

Mafundisho ya Kanisa

Mintarafu mambo haya, mafundisho ya Kanisa yako wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965 (na. 69), ulifundisha kwamba Mungu aliikusudia dunia na vyote vilivyomo kwa matumizi ya watu wote na mataifa yote. Papa Paulo VI, mwaka 1967, alieleza katika Populorum Progressio kwamba haki ya kumiliki mali haikosi mipaka, na kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kujilimbikizia yaliyo zaidi ya mahitaji yake huku wengine wakikosa yaliyo ya lazima. Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba kila mali ya mtu binafsi imebeba deni kwa jamii. Na Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliyataja maji safi ya kunywa kuwa haki ya msingi ya binadamu, kwa kuwa pasipo maji hakuna uhai.

Tunajifunza nini? Kwamba mali halali bado yaweza kuulizwa swali la haki. Mwenye jumba aweza kuonyesha hati, kibali na risiti, vyote safi. Injili haimwambii kwamba ameiba. Yule tajiri wa Injili ya Luka (16:19-31) naye hakushitakiwa kwa wizi. Alishitakiwa na Lazaro aliyelala mlangoni pake bila kuonwa. Ukuta unaolificha bwawa humficha pia jirani.

Na sisi

Tumekaa sana Ugiriki. Sasa turudi nyumbani. Katika pwani yetu, tangu Watamu na Diani hadi Nungwi na Paje, majumba ya likizo yenye mabwawa yanaongezeka. Zanzibar nayo imeweka utaratibu ambao mgeni anayenunua nyumba ya dola 100,000 au zaidi katika miradi iliyoidhinishwa aweza kupewa kibali cha kuishi. Hatusemi mambo haya ni mabaya kwa asili yake. Vijana wetu wanapata ajira, na serikali inapata mapato. Tunasema kwamba Ugiriki imetangulia njia hii kwa miaka mingi, na makosa yake tumeyaona bila kuyalipia.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei na wanajumuiya mnaoishi katika sehemu hizo: mkutano wa kijiji unapojadili kiwanja, nendeni, wala msiwaachie wachache. Ulizeni maji yatatoka wapi kabla ya kuuliza ajira zitakuwa ngapi. Ulizeni kama njia ya wavuvi kwenda ufuoni itabaki wazi, na kama mikataba ya kazi itaandikwa na kutunzwa nakala. Msidhani kwamba sauti ya wanyonge haifiki popote. Julai 2023 wakazi wa Paros waliingia ufuoni kwa amani na taulo zao mikononi, wakipinga vitanda vya kukodisha vilivyojaza mchanga wote. Wenzao wa visiwa vingine wakawafuata; na mwaka 2024 serikali ikatunga sheria inayoagiza sehemu kubwa ya kila ufuo iachwe wazi kwa watu wote. Hawakuwa na fedha. Walikuwa na taulo na umoja.

Lakini amri ile ya pumziko haiwahusu wenye mabwawa peke yao. Wengi wetu tusio na jumba kisiwani tunaye mtu anayetutumikia nyumbani: msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini, mlinzi wa usiku, kijana wa kuchunga ng'ombe. Je, anayo Dominika? Anahudhuria Misa, au anabaki nyumbani akipika ili tutakaporudi kutoka Misa tukute chakula tayari? Mshahara wake unalipwa mwezi unapokwisha, au hungoja mpaka karo za watoto wetu ziishe? Analala wapi? Ni rahisi kumhukumu tajiri wa Mykonos kwa sababu hatumfahamu. Mjakazi anayetajwa katika Kumbukumbu la Sheria huenda wakati huu yuko jikoni kwetu.

Vivyo hivyo, palipo na kisima au bomba ndani ya uzio wetu, uwe uzio wa nyumba, wa shule au wa parokia, tuulize jirani anachota wapi. Kiangazi kinapokuja, lango lifunguliwe kwa saa zinazojulikana, na bei, ikiwapo, iwe ile ambayo mjane aweza kuilipa.

Tunapendekeza kwamba katika mikutano ya Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ya mwezi huu isomwe Kumbukumbu la Sheria 5:12-15, isomwe polepole, na kila familia iitaje orodha yake: nani katika nyumba yetu hapumziki, na tutafanya nini kabla ya Dominika ijayo ili apumzike? Uamuzi uandikwe katika daftari la jumuiya, na mwezi unaofuata mwenyekiti aulize kama umetekelezwa.

Mungu aliyepumzika siku ya saba, akaibariki, atujalie kupumzika kwa namna ambayo hakuna mwingine anayekaushiwa kisima chake. Amani ya Kristo ikae nanyi.